Somo la Juma Hili: Mafuta Yanayooza Baada ya Kazi



Kitendawili!
Tega!
Nikimnywesha hukimbia kimya, nikimnyima hulia njia nzima.

Jibu: gurudumu. Mmelisikia likilia hapa Schaerbeek tramu inapokata kona. Chuma cha gurudumu kinasuguana na chuma cha reli. Hali hiyo tunaiita msuguano. Msuguano hula chuma, huleta joto na hupoteza nguvu. Dawa yake ni kilainishi, yaani mafuta au grisi inayokaa katikati ya vyuma viwili ili visiumane.

Mafuta ya zamani

Zamani vilainishi vilitoka kwa mimea na wanyama. Katika pwani yetu, mabaharia walipaka sehemu ya chini ya jahazi deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili chombo kiteleze majini na mbao zisiliwe na wadudu. Ulaya nayo ilitumia mafuta ya namna hiyo. Mwaka 1835 Henry Booth, wa reli ya Liverpool na Manchester, alisajili grisi yake ya ekseli. Ndani yake mlikuwa na shahamu, soda, maji na mawese kutoka Afrika Magharibi. Mwaka huohuo, tarehe 5 Mei, Ubelgiji ilifungua reli kati ya Brussels na Mechelen, ya kwanza kwa treni za mvuke za abiria katika Ulaya bara.

Wazazi, wapelekeni watoto Train World, katika stesheni ya Schaerbeek. Kuna garimoshi la zamani sana liitwalo Pays de Waes. Mwulizeni mwongozaji: mafuta yalitiwa wapi?

Lakini mawese yana historia chungu pia. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa William Lever, mfanyabiashara wa sabuni, haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo. Watu wengi walilazimishwa kuvuna chikichi, ambazo ndugu zetu wa Kongo huziita ngazi. Mwaka 1931 Wapende wa upande wa Kwilu waliasi, na uasi wao ukazimwa kwa bunduki. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Haya mafuta ni mazuri kwa sababu yametoka kwenye mmea," usikubali haraka. Muulize zaidi.

Maswali matatu ya kuuliza

Baadaye mafuta ya petroli, yaani yale yanayochimbwa ardhini, yalichukua nafasi ya mafuta ya mimea. Yalikuwa rahisi na hayachachi. Tatizo ni kwamba vilainishi vingi havirudi kwenye chupa. Mafuta ya msumeno wa mnyororo hurukia udongoni. Grisi ya reli huoshwa na mvua. Ile ya rafadha ya meli huvujia majini. Hapo ndipo tunapohitaji kilainishi rafiki wa mazingira. Ili kukitambua, uliza hivi:

1. Kimetoka wapi? Kwenye mmea au ardhini? Kama ni mmea, je, msitu ulikatwa ili upandwe? Waliouvuna walilipwa?

2. Kinaoza upesi? Katika maabara, mafuta hutiwa kwenye maji yenye bakteria. Bakteria huyala na kutoa hewa ya ukaa. Kwa kipimo kimoja kinachotumika sana, angalau asilimia 60 lazima iwe imeoza ndani ya siku 28.

3. Kina sumu? Mafuta huongezewa dawa za kuzuia kutu na kuchakaa. Hizo nazo hupimwa kwa mwani, wadudu wadogo wa majini na samaki.

Jibu la swali moja halijibu mengine. Kuna mafuta yaliyotengenezwa kutokana na petroli ambayo huoza vizuri, na kuna ya mmea yaliyotiwa dawa zenye sumu. Umoja wa Ulaya una alama yake ya mazingira, ua lenye nyota, na tangu mwaka 2005 vilainishi navyo vinaweza kuipata. Itafuteni dukani.

Mbona hayatumiki kila mahali?

Kwanza, mafuta mengi ya mimea hayapendi baridi. Mnajua mafuta ya nazi yanavyoganda kabatini wakati wa majira ya baridi. Pili, yakipata joto na hewa kwa muda mrefu huchacha na kunata. Ndiyo maana wataalamu huyabadilisha kuwa esta, mafuta yanayovumilia zaidi joto na baridi. Mengi huanzia kwenye alizeti, au ule mmea wa maua ya njano mnaouona mashambani Ubelgiji mwezi wa Aprili, ambao Kifaransa huuita colza.

Na jambo moja la mwisho: kuoza si ruhusa ya kumwaga. Mafuta yanayooza upesi hutumia oksijeni ya maji, na samaki wakaikosa. Mafuta yaliyotumika, ya jikoni au ya gari, yapelekeni recypark, msiyamwage kwenye sinki wala barabarani.

Msamiati
Kilainishi: kitu kinachopunguza msuguano.
Kuoza: kuvunjwavunjwa na vijidudu.
Kuchacha: kuharibika ladha na harufu.
Shahamu: mafuta ya mnyama.
Rafadha: pangaboi linalosukuma meli.

Zoezi la nyumbani
Wekeni kijiko kimoja cha mafuta ya nazi, cha alizeti na cha mawese katika vikombe vitatu. Viacheni kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi viinamisheni. Yapi yanatiririka? Yapi yangefaa mnyororo wa baiskeli mwezi wa Januari? Andikeni sentensi tano kwa Kiswahili, kisha mwulizeni babu, bibi au jamaa aliye nyumbani: kwao walilainisha nini, na kwa mafuta gani? Leteni majibu Jumamosi ijayo.