Amepata Nafuu: Je, ni Dawa?

Kijana mwenzetu, hebu fikiria. Mtu anaumwa. Anatumia dawa fulani, na baada ya wiki tatu anapata nafuu. Anakwambia, "Dawa hii ni kiboko!" Je, utaamini? Subiri kwanza. Tujifunze kutokana na ugonjwa mmoja uliowasumbua sana watafiti.

UGONJWA WENYEWE

Unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1868.

Umewahi kuona waya wa umeme uliochunika plastiki? Neva za ubongo na uti wa mgongo nazo zina ganda lake, lenye mafuta. Kinga ya mwili kazi yake ni kupigana na vijidudu. Kwa mwenye MS, kinga hiyo inageuka na kushambulia ganda hilo. Ujumbe wa ubongo unakwama njiani. Jicho linaona ukungu, mguu unakufa ganzi, mwili unachoka. Ugonjwa huu si wa kurogwa, wala mgonjwa hawezi kukuambukiza. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata zaidi wanawake.

MTEGO UKO HAPA

Kwa wagonjwa wengi, MS huja kwa vipindi. Shambulio hudumu siku au wiki kadhaa, halafu hupoa, hata bila dawa. Basi, ukimpa mgonjwa maji ya sukari leo, na wiki ijayo akaona vizuri, sifa zote zitakwenda kwa maji ya sukari!

WATAFITI WALIFANYAJE?

Matokeo ya jaribio moja la Marekani na Kanada yalitolewa mwaka 1993. Wagonjwa 372 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano zisizo na dawa. La pili lilipata dozi ndogo ya interferoni beta, la tatu dozi kubwa. Baada ya miaka miwili wakahesabu mashambulizi. Kwa kila wagonjwa 100, kwa mwaka mmoja, ilikuwa hivi:

- Bila dawa: 127
- Dozi ndogo: 117
- Dozi kubwa: 84

Umeona? Dawa haikuponya, ila ilipunguza mashambulizi kwa karibu theluthi moja. Bila kundi la kwanza, nani angejua? Mwaka huohuo dawa hiyo iliruhusiwa Marekani. Leo zipo nyingine nyingi, baadhi zenye nguvu zaidi, lakini bado hakuna inayoponya kabisa. Na kwa kuwa dawa zipo, mara nyingi dawa mpya hupimwa dhidi ya dawa ya zamani, ili mgonjwa asiachwe bila tiba.

WEWE JE?

Ukisikia eti dawa fulani inatibu kila kitu, usibishane. Uliza tu: "Na wale ambao hawakuitumia, walikuwaje?" Na kama unatumia dawa za hospitali, usiziache kwa sababu ya maneno ya mtaani.

JADILINI DARASANI

1. Kwa nini wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, badala ya kila mtu kujichagulia kundi?
2. Taja ugonjwa mwingine unaoweza kupoa wenyewe. Dawa yake ungeipimaje?