Mgeni Asiulize Njia: Maswali Sita Kuhusu Menyu ya Tovuti

Anayefungua tovuti yako kwa simu ndani ya daladala hana muda wa kujifunza ulivyoipanga. Ana shida moja, na bando linakwenda. Haya ni maswali ambayo wenye tovuti huuliza mara kwa mara, pamoja na majibu ya mtaalamu wetu wa usanifu wa tovuti.

Taarifa zote tumeziweka. Mbona watu bado wanapiga simu kuziuliza?

Mara nyingi ni kwa sababu menyu imefuata mpangilio wa ofisi. Chukua mfano wa mamlaka ya maji ya mji fulani. Menyu inasema: Kuhusu Sisi, Kurugenzi, Miradi, Machapisho. Mteja naye anataka kujua deni lake, kuripoti bomba lililopasuka, au kuomba kuunganishiwa maji. Fomu ya maombi ipo, lakini imekaa chini ya Kurugenzi ya Biashara, na mteja hajui hata kama kurugenzi hiyo ipo. Sasa tazama menyu ya pesa za simu: Tuma Pesa, Toa Pesa. Bibi ambaye hajawahi kushika kompyuta anaielewa, maana imeandikwa kwa kitendo alichokuja kukifanya.

Ni kweli menyu isizidi vipengele saba?

Hiyo saba imetoka kwenye makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956, na yeye alikuwa akizungumzia kumbukumbu ya muda mfupi. Menyu hakuna anayeikariri. Iko mbele ya macho. Tovuti ndogo hutosheka na vipengele vitano au sita, lakini kubwa zaidi ni kila kimoja kiwe tofauti na mwenzake. Ukiweka "Huduma" na "Huduma kwa Wateja" bega kwa bega, hata viwili ni vingi. Kanuni ya mibofyo mitatu, ile inayotaka mtu afike anakotaka kwa mibofyo isiyozidi mitatu, nayo isikunyime usingizi. Mtu habanwi na idadi ya mibofyo kama kila mmoja unamhakikishia kuwa anakaribia. Anaondoka akianza kubahatisha.

Maneno ya kuweka kwenye menyu tuyatoe wapi?

Kwa wateja wenyewe. Kata vikaratasi kama thelathini, kila kimoja kiandike jambo moja: kulipa bili, bei ya kuunganishiwa, mita mbovu. Mwite mtu asiye mfanyakazi wako, avipange mafungu mezani na kila fungu alipe jina. Rudia na watu kumi hivi, mmoja mmoja. Mtazame anapokishika kikaratasi cha "mita mbovu", anakipeleka kwenye fungu la bili, anakirudisha, anakiweka kwenye matengenezo. Hapo ndipo wateja wako watakapopotea, kwa hiyo weka kiungo pande zote mbili.

Jihadhari pia na maneno yaliyotafsiriwa kikamusi. "Rasilimali" humfanya msomaji afikirie madini na misitu, kumbe ndani mna fomu. Andika "Fomu za Kupakua". Na badala ya "Nyumbani", "Mwanzo" linaeleweka haraka zaidi.

Kwenye simu, ile alama ya mistari mitatu inatosha?

Alama hiyo aliichora Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na leo imeenea. Lakini kilichofichwa huwa hakikumbukwi. Mambo mawili matatu yanayotafutwa zaidi yaache wazi kwenye skrini, yaliyobaki ndiyo yaingie kwenye mistari, na pembeni yake andika "Menyu". Kumbuka pia kidole gumba: miongozo ya ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2 ya mwaka 2023, inataka kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24, na Google inapendekeza 48 kwa programu za Android. Menyu inayosubiri kuguswa na mshale wa kipanya haina kazi kwenye simu.

Na anayetokea Google akatua ukurasa wa ndani?

Huyo ameingia kwa dirishani, naye ni mgeni vilevile. Steve Krug, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu usanifu wa tovuti, anapendekeza ujifanye umefungiwa kwenye buti ya gari, kisha ukashushwa usipopajua. Ukurasa ukujibu papo hapo: hii ni tovuti ya nani, niko sehemu gani, na nielekee wapi? Jina la taasisi juu, kipengele ulichomo kikiwa na rangi tofauti, na mstari mfupi kama "Mwanzo > Bili > Malalamiko" vinatosha.

Hatuna fedha za kuisuka upya. Tuanzie wapi?

Kila penye "Bonyeza hapa", andika kinachopatikana hapo: "Pakua fomu ya maombi". Kisha soma maneno ambayo watu huyaandika kwenye kisanduku cha kutafuta, kwa kuwa mengi ni yale waliyoyakosa kwenye menyu. Mwisho, nenda mapokezi, kaa na anayepokea simu kuanzia asubuhi hadi mchana, ukiwa na kalamu. Swali atakalolijibu mara nyingi kuliko mengine ndilo kipengele cha kwanza cha menyu yako. Liandike kama mpigaji alivyolisema.