Kugeuza hali hakutoshi

Swali: Otomata yangu isiyobahatisha, yenye hali n, husoma neno mbele na nyuma. Nikigeuza hali za kukubali ziwe za kukataa, nimepata kijalizo cha lugha yake?

Jibu: Hapana. Otomata hiyo inaweza kwenda na kurudi milele juu ya neno moja. Neno hilo halikubaliwi, na hata ukigeuza hali halitakubaliwa. Dawa ya Michael Sipser, katika makala ya 1980, inapendeza mno: anzia kwenye tamati ya kukubali, upekue hatua kinyumenyume ukitafuta mwanzo. Kwa kuwa kila hatua ina moja tu inayoifuata, njia hizo huunda mti usio na mzunguko, hivyo upekuzi daima hukoma. Mwaka 2007 Geffert, Mereghetti na Pighizzini walithibitisha kuwa hali 4n zatosha kwa otomata ya kijalizo. Kwa otomata zinazobahatisha hatua inayofuata, bado haijulikani kama idadi ya kipolinomia yatosha.