Mbao iliyookwa bado inaungua

Wauzaji wenzangu wa rafu na mbao za ukutani, kuna kapsheni naiona sana: "Mbao imepikwa, haishiki moto." Kama ipo kwako, ifute leo.

Kuoka mbao kwenye nyuzi joto kama 160 hadi 230, bila hewa nyingi, kunaifanya inywe maji kidogo, isivimbe ovyo, na ipate ile rangi ya kahawia wateja wanayoipenda. Hapo uza kwa kujiamini. Ila kwa moto bado ni mbao, tena kavu zaidi.

Kwa mbao za tabaka, mimi naulizia gundi kwanza. Mbao ikiungua, mkaa unaojitengeneza juu huwa unakinga ya ndani. Sasa gundi nyeupe ya fundi inalainika kwa joto kali, tabaka la juu linabanduka na mkaa wake, moto unakuta mbao mpya.

Kinachopunguza moto ni dawa, mfano chumvi za fosfeti au borati. Fundi asipojua imepigwa dawa gani, naandika: "Imeokwa, haivimbi kirahisi. Weka mbali na jiko." Mteja akiuliza inbox kama inafaa nyuma ya jiko la gesi, namjibu haifai, hata oda ikipotea.