KUSHIKA CHUMA KATIKA MASHINE YA KUKEREZA

Kazi ya kukereza haianzi pale kisu kinapogusa chuma, bali huanza pale chuma kinaposhikwa. Chuma kisichoshikwa barabara huharibika, na tena chaweza kuchomoka kwa nguvu na kumwua fundi asimamaye karibu.

Kifaa kishikacho chuma huitwa chaku. Ni bamba nene la mviringo lifungwalo mbele ya mhimili wa mashine, lenye meno ya kubana, nalo huzunguka pamoja na chuma. Aina mbili ndizo zitumikazo zaidi.

Ya kwanza ni chaku ya meno matatu. Ndani yake mna sahani yenye mfuo uliojizungusha kama konokono. Ufunguo ukizungushwa, meno yote husogea pamoja. Hufaa kwa vyuma vya mviringo na vya pande sita. Meno hayo yana nambari 1, 2 na 3, nayo yapasa kutiwa kwa taratibu hiyo. Yakichanganywa hayakutani katikati. Hata chaku nzuri hukosea katikati kidogo. Kwa hiyo fundi mwenye busara hukereza sehemu zote zipasazo kulingana kabla ya kukifungua chuma.

Ya pili ni chaku ya meno manne, ambayo kila jino husogezwa peke yake. Hushika chuma cha mraba na chenye umbo lisilo sawa, na huweza kusawazishwa kwa usahihi zaidi. Tuseme puli ya mashine ya kusagia mahindi imelika tundu lake, nalo lapasa kupanuliwa litiwe bushi mpya. Likichimbwa upande, puli itayumba, mkanda utaruka, na beringi zitaharibika upesi. Basi fundi huizungusha chaku kwa mkono, huku ameshika chaki karibu na ukingo wa puli. Palipoguswa na chaki ndipo palipojitokeza. Hulegeza jino la upande wa pili, kisha hukaza la upande huu, mpaka chaki iguse mahali pote sawasawa.

Kubana kupita kiasi nako kuna hasara. Bomba jembamba likibanwa kwa nguvu na meno matatu hubonyea mahali patatu. Likikerezwa hivyo, tundu huonekana la mviringo kamili. Likifunguliwa, kuta hurudi zilikokuwa, na mviringo hupotea. Dawa yake ni kulivika pete nene iliyopasuliwa, ili mbano uenee pande zote.

Urefu pia una kipimo. Chuma kitokezacho mbele ya meno zaidi ya mara tatu ya unene wake yafaa kitegemezwe kwa ncha ya upande wa pili wa mashine. Chuma chenye unene wa milimita 20, basi, kisitokeze zaidi ya milimita 60 bila tegemeo.

Mwisho ni ufunguo. Ukisahauliwa ndani ya chaku, mashine iwashwapo huruka kama jiwe la kombeo. Kanuni ni moja: mkono usiuache ufunguo mpaka ufunguo umetoka katika chaku. Tena mwendo usipite ule ulioandikwa juu ya chaku, kwani mwendo ukizidi meno huvutwa nje na mshiko hulegea.