Mtoto Mwenye Saratani na Mashine ya Kupumulia

Wako wazazi ambao huulizwa swali zito kuliko yote ya maisha yao wakiwa wamesimama usiku mlangoni pa wodi. Daktari awaambia: mtoto wenu, ambaye tumekuwa tukimtibu saratani, hawezi tena kupumua mwenyewe, je, mwaridhia tumtie mashine? Baada ya siku kadhaa swali laweza kurudi limegeuzwa: je, mwaridhia tumtoe? Yafaa somo hili lisomwe nyumbani mapema, maana pale mlangoni hakuna nafasi ya kujifunza.

Kwanza tujue kazi ya mashine hii ilianzaje. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliushambulia mji wa Copenhagen, nchini Denmark. Katika hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 waliosaidiwa pumzi kwa vyombo vya wakati ule katika majuma matatu ya kwanza, 27 walikufa. Ndipo daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipoagiza msichana wa miaka 12 atobolewe tundu kooni, akapitisha humo mpira, akawa akimpulizia hewa kwa kubonyeza mfuko kwa mkono. Msichana yule akaishi. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500, nao wakapokezana zamu mchana na usiku wakibonyeza mifuko hiyo kando ya vitanda. Vifo vikapungua sana, na mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza duniani.

Tazameni vema walichokuwa wakifanya vijana wale. Hawakuwa wakitibu polio. Polio haikuwa na dawa, wala haina hata leo. Walikuwa wakimshikilia mgonjwa asizame mpaka mwili wake upate nguvu ya kupumua wenyewe. Mashine za siku hizi, pamoja na taa zake na milio yake, hazifanyi zaidi ya hapo. Haziponyi, hushikilia. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mzazi ana haki ya kumwuliza daktari ni hili: twamshikilia mtoto tukingoja nini?

Mara nyingine jibu ni jema kabisa, ingawa mtoto ana saratani. Chukueni mfano wa ugonjwa tunaoufahamu katika Afrika yetu hii ya Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Uvimbe huo hata leo unaitwa kwa jina lake, nao huonekana zaidi penye malaria nyingi. Ni katika saratani zinazokua upesi kuliko zote: chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kwa sababu hiyo hiyo dawa huziua upesi, na watoto wengi wanaotibiwa mapema na kwa ukamilifu hupona. Hatari ni kwamba chembe zikipasuka nyingi kwa pamoja, takataka zake humwagika katika damu. Figo huziba, chumvi ya potasiamu hupanda, na moyo waweza kusimama. Madaktari huzuia jambo hilo kwa maji mengi ya dripu na dawa. Na figo zikishindwa, husafisha damu kwa mashine kwa siku kadhaa. Basi mtoto huyu yu mahututi kwa sababu dawa imefanya kazi. Mzazi akisema, “Ana saratani, mwacheni afe kwa amani,” amemnyima maisha mtoto ambaye angeweza kurudi shuleni.

Hali kadhalika mtoto mwenye saratani ya damu. Dawa zake hupunguza chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na homa ya asubuhi yaweza kumzimisha kabla ya jua kuchwa. Zamani madaktari wengi walisita kumtia mtoto wa namna hii katika mashine, kwa kuwa wengi wao hawakutoka. Leo, katika hospitali za nchi tajiri, takriban saba katika kila kumi hutoka hai katika chumba cha mahututi. Kwetu vitanda vya namna hiyo ni vichache, na wauguzi waliosomea kazi hiyo ni wachache zaidi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika 100 hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo haikuletwa na Mungu, na sisi mapadre tusiwe wepesi mno kuwaambia waliofiwa kwamba ndiyo mapenzi yake.

Walakini liko jibu la pili. Saratani imerudi baada ya dawa zote, imeingia mapafuni, figo na ini vimechoka. Hapo daktari mwaminifu atasema kwamba hakuna kinachongojwa. Mpira umo kooni, mtoto hawezi kusema wala kulia kwa sauti, mikono pengine imefungwa asiuvute, na mama huingia kwa saa zilizopangwa tu. Je, Mkristo analazimika kuendelea?

Swali hili lilifikishwa kwa Papa Pius XII na daktari wa usingizi wa Innsbruck, nchini Austria. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa akajibu kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, ndizo zile zisizomtwika yeye wala mwenziwe mzigo mzito kupita kiasi. Njia zipitazo kawaida si wajibu. Na kama kuendelea kumekuwa mzigo ambao dhamiri haiwezi kuwatwika jamaa, wao waweza kumwomba daktari akome. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha hivyo hivyo: kuacha matibabu yenye mzigo mkubwa yasiyo na tumaini sawa na mzigo huo si kutaka kuua, bali ni kukubali kwamba kifo hakizuiliki.

Hapa ndipo nyumba nyingi hubomoka. Mashine yaondolewa, mtoto afariki, na katika matanga shangazi mmoja asema, “Mngemwacha mashineni angalikuwa hai.” Maneno hayo humfuata mama miaka mingi. Basi na ijulikane katika ukoo mzima: kutomtia mashine isiyoweza kumsaidia, na kumtoa katika mashine hiyo hiyo, ni jambo moja mbele ya sheria ya Mungu. Aliyemwua ni saratani. Kumchoma sindano ili afe ni jambo jingine kabisa, na hilo halina ruhusa.

Tena, kwa kuwa kutoa si dhambi, wazazi wasiogope kujaribu. Waweza kupatana na daktari: tumtie mashine kwa siku chache, na tujue mapema ni dalili gani zitatuonyesha kwamba anarudi au haturudii. Mali nayo itajwe bila haya. Kuuza shamba ambalo wadogo zake wanalitegemea, kwa ajili ya siku tatu za mashine zisizo na tumaini, si wajibu wa mtu yeyote.

Mtoto akiondolewa mashineni hakuachwa. Apewe dawa ya maumivu, hata mofini, kwa kipimo cha daktari; Pius XII aliikubali mwaka huo huo 1957. Apakatwe. Aliye na akili zake aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake, maana watoto hutambua mengi kuliko tudhanivyo.

Na padre aitwe mapema, hata usiku. Mtoto asiyebatizwa aliye hatarini aweza kubatizwa na mtu yeyote. Aliyekwisha fikia umri wa akili hupewa Mpako wa Wagonjwa. Mdogo kuliko huyo, hata mchanga, aweza kupewa Kipaimara na padre yeyote akiwa katika hatari ya kufa, bila kumngoja askofu. Komunyo ya kwanza nayo haidai masomo ya miaka miwili kitandani pale: yatosha ajue kuitofautisha na mkate wa kawaida, na aipokee kwa heshima.