Michoro Inayotembea: Njia ya Kuielewa Bayolojia

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilikuwa mmoja wao. Katika Kidato cha Tatu 'nilikremu' hatua nne za mitosisi, yaani mgawanyiko wa seli, kama utingo anayetaja vituo vya matatu. Michoro yangu ilikuwa maridadi. Lakini mtihani ulipouliza ni vipi seli yenye kromosomu 4 huzaa seli mbili zenye 4 kila moja, nilitoa macho tu. Kwangu mimi, 4 gawanya kwa 2 ni 2!

Mwalimu hakunicheka. Alinipa vikaratasi 24, akaniambia nichore seli hiyo ikigawanyika, kila picha ikitofautiana kidogo tu na iliyotangulia. Ukivibana upande mmoja na kuviachilia upesi kwa kidole gumba, jicho hudanganyika, picha huonekana zikitembea. Katuni za sinema hufuata mbinu iyo hiyo: kwa kawaida filamu hupitisha picha 24 kila sekunde.

Jamani, hapo ndipo nilipokwama! Kromosomu zangu zilipoelekea ncha mbili za seli, zilibaki 2 kila upande. Mchoro ulikataa uongo wangu. Ikanibidi nirudi kitabuni, nikagundua kwamba kabla ya mgawanyiko kuanza, kila kromosomu hujinakili, ikawa na sehemu mbili pacha ziitwazo kromatidi. Kromosomu hujipanga katikati ya seli, pacha wakatengana, kisha nyuzi nyembamba zikawavuta, 4 huku na 4 kule.

Jambo hili si geni. Mjerumani Walther Flemming, aliyechapisha kitabu chake kuhusu seli mwaka 1882, alizitia rangi seli za salamanda, akazitazama kwa hadubini, akachora alichokiona na kuzipanga picha kufuata mwendo. Sanaa ilikuwa chombo chake cha sayansi.

Nawe msomaji, jaribu hivi:

1. Chora kwanza picha ya mwanzo na ya mwisho.
2. Jaza za katikati bila kutazama kitabu.
3. Unapokwama, weka alama. Hapo ndipo usipopaelewa, kamuulize mwalimu.

Huhitaji rangi wala kipaji, penseli yatosha. Hatua nne za kitabuni ni vituo tu, lakini seli haisimami kituoni. Haba na haba hujaza kibaba. Picha kwa picha, maana hujitokeza. Kazi kwenu!